Moshi ukivuka mpaka, nani alaumiwe?

Kila msimu wa moto tunabishana, na mkulima ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Mimi huwakumbusha watu mwaka wa 1997.

El Niño ile ile iliyotuletea mafuriko Kenya iliikausha Indonesia. Moto wa kusafisha mashamba kule Sumatra na Kalimantan ukashindikana kuzimwa. Wakulima wadogo walichoma, sikatai. Lakini kampuni za michikichi na mbao zilichoma maeneo makubwa zaidi. Na serikali nayo ilikuwa imechimba mitaro kukausha vinamasi ipande mpunga. Udongo wa mboji ukikauka, moto huingia chini na kufuka wiki baada ya wiki.

Moshi ukafika Singapore na Malaysia. Jimbo la Sarawak likatangaza hali ya hatari, shule zikafungwa.

Nchi za ASEAN zilitia saini mkataba wa kudhibiti moshi mwaka wa 2002. Indonesia yenyewe iliuridhia 2014. Miaka 12!

Kwa hivyo mtu akikuambia ati shida ni mkulima na kiberiti chake, muulize: ardhi ilikaushwa na nani?