Habari za John Stephen Akhwari: Zilizothibitika na Zisimuliwazo

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yamfaa mtu aketiye barazani, lakini haimtoshi mwandishi wa historia. Yeye hapaswi kuridhika kwamba jambo lasemwa. Hana budi kuuliza nani alilishuhudia, na lina shahidi gani mwingine. Nataka kuijaribu kazi hiyo kwa habari za mtu ambaye wengi wetu tumelisikia jina lake tangu utotoni: John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938.

Tarehe 13 Aprili 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipita Dar es Salaam. Ulianzia stesheni ya TAZARA, ukaishia Temeke katika Uwanja wa Taifa mpya. Na vyote viwili, reli na uwanja, vilijengwa kwa msaada wa Wachina. Akhwari alikuwa miongoni mwa walioushika mwenge ule. Hakuheshimiwa hivyo kwa ajili ya medali, maana hakupata kutwaa medali ya Olimpiki. Aliheshimiwa kwa ajili ya hadithi. Basi ni haki kuuliza: hadithi hiyo ina ukweli kiasi gani?

Tuanze na hati. Marathoni ya Mexico City ilikimbiwa tarehe 20 Oktoba 1968. Matokeo yaonyesha kwamba walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Wa kwanza alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa 57 alikuwa Akhwari, aliyetumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kwa hiyo wasimuliao kwamba alifika zaidi ya saa moja baada ya mshindi hawakutia chumvi. Lakini wasemao kwamba alikuwa wa mwisho wa wote wamewasahau watu 18 walioacha mbio njiani. Akhwari alikuwa wa mwisho wa waliofika, na hilo ni neno jingine kabisa.

Shahidi wa pili ni filamu. Twamwona akiingia uwanjani giza limekwisha kuanza, mguu umefungwa bendeji, akichechemea hadi mwisho. Picha hizo hazikanushiki; walakini shahidi huyu naye ana mpaka wake. Aonyesha bendeji, haonyeshi jeraha lililo chini yake. Masimulizi yakubaliana kwamba Akhwari alianguka njiani akaumia goti. Mengine yaongeza kwamba goti liliteguka, na bega likaumia pia. Mwanafunzi mwangalifu ataandika kwa uhakika kwamba mtu huyu aliumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Hayo mengine atayaandika kuwa yasimuliwa.

Husemwa tena kwamba aliteswa na hewa nyepesi ya Mexico City, mji ulioinuka mita 2,240 juu ya bahari, kwa kuwa hakuizoea milima. Kwamba hewa ile iliwatesa wakimbiaji wengi ni kweli. Lakini Mbulu si pwani. Ni nchi ya nyanda za juu, ingawa mji wake haufiki kimo kile. Mwandishi wa mbali, ambaye akisikia Tanzania huwaza minazi ya Dar es Salaam, aweza kukosea hapa bila kukusudia.

Sasa tufike kwenye jambo gumu, nalo ni ile kauli mashuhuri. Inasemwa kwamba alipoulizwa kwa nini hakuacha mbio, Akhwari alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda mbali vile ili aanze mashindano, bali ilimtuma ayamalize. Aliyeieneza sana hadithi hii duniani ni Bud Greenspan, mtengenezaji filamu wa Marekani. Kauli yenyewe imeenea kwa Kiingereza, na mara nyingi Kiswahili tunachokisoma ni tafsiri. Zaidi ya hayo, haitulii: mahali pengine yataja maili 5,000, pengine maili 10,000. Ukipima kwenye ramani ya dunia, toka Dar es Salaam hadi Mexico City ni zaidi ya kilomita 15,000, yaani maili 9,000 na ushei. Maili 5,000 haziwezi kuwa sahihi.

Je, hayo yathibitisha kwamba hakusema? Hasha. Mtu aliyechoka na kuumia hapimi maili. Yathibitisha jambo dogo zaidi, lakini la lazima: kwamba maana ya jibu lake twaweza kuipokea, na maneno yake hatuwezi kuyanukuu kama tunukuuvyo hati.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo la maili, nalo ni la kunyamaza. Hadithi humwacha Akhwari Mexico, akichechemea milele. Matokeo hayamwachi huko. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Njia mbili tofauti hazilinganishwi ovyo. Hata hivyo msomaji na atambue kwamba muda huo ni mfupi kuliko ule uliompa Mamo Wolde dhahabu. Mtu tuliyezoea kumhurumia alikuwa mkimbiaji hodari.

Jambo hili si letu peke yetu. Uchina ilikuwa na mwogeleaji Yang Xiuqiong, aliyeshindana Berlin mwaka 1936. Walimpa jina la nguva, na uvumi juu ya maisha yake ukaifunika kazi yake majini. Umaarufu huchagua siku moja ya mtu, kisha huzizika nyingine.

Wako wanaoogopa kwamba kuhakiki ni kuvunja heshima. Kwa Akhwari imekuwa kinyume. Tukiiondoa kauli yote, saa 3, dakika 25 na sekunde 27 zabaki palepale, na Edinburgh yarudi mahali pake. Kijana afanyaye mazoezi leo Temeke au Kinondoni anastahili kupewa habari zote mbili: kwamba mtu huyu alimaliza akiwa ameumia, na kwamba alipokuwa mzima alikimbia kwa kasi. Ya kwanza yafundisha uvumilivu. Ya pili yafundisha kwamba uvumilivu ule ulikuwa wa mtu ajuaye kazi yake.