Polima Asilia Zinavyonasa Viuatilifu Katika Maji Machafu

Katika Kata ya Mpitimbi, Wilaya ya Songea mkoani Ruvuma, mahindi ni chakula na ni biashara, na tangu viwavijeshi vamizi waripotiwe nchini mwaka 2017, viuatilifu vimezidi kuhitajika katika kilimo cha zao hilo. Jambo lisilozungumzwa sana ni maji yanayotumika kuoshea bomba la kupulizia. Ni machache, lakini yana sumu, na yakimwagwa kijitoni huwafikia wanaochota maji upande wa chini.

Njia mojawapo ya kuyasafisha, inayochunguzwa na wanasayansi katika nchi mbalimbali, ni matumizi ya polima asilia, yaani molekuli ndefu zinazotengenezwa na viumbe hai. Selulosi iliyomo katika magunzi ya mahindi ni mfano mmoja. Mwingine ni kaitini ya maganda ya kambamiti na kaa. Katika hali yake ya asili, polima hizo mara nyingi hunasa sumu kwa kiasi kidogo, hivyo hurekebishwa kwa kemikali. Kaitini ikichemshwa katika kostiki soda kali hugeuka kuwa kaitosani, ambayo katika maji yenye asidi kidogo hubeba chaji chanya. Kiuagugu cha glaifoseti hubeba chaji hasi, hivyo huvutwa na kushikamana na polima. Kwa kuwa kaitosani yenyewe huyeyuka katika asidi, minyororo yake hufungwa pamoja kwanza ili ibaki imara. Viuatilifu visivyo na chaji huhitaji urekebishaji wa namna nyingine. Hakuna polima moja inayofaa kwa vyote.

Ikumbukwe kuwa sumu iliyonaswa haijatoweka, imehama tu. Polima iliyoshiba ni taka hatarishi. Aidha, sehemu kubwa ya kazi hii bado imo maabara, na magunzi yaliyotupwa tu ndani ya maji hayo hayayafanyi kuwa salama.

Kwa mkulima, kinga iliyopo ni kusuuza kopo tupu mara 3, kurudisha maji hayo ndani ya bomba na kuyapulizia shambani, kisha kulitoboa kopo lisibebee maji ya kunywa. Bomba lioshwe mbali na visima na mito. Usajili na udhibiti wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.