Damu ya Ndugu Yetu



Mara nyingi twaambiwa kwamba mahali pa mhubiri ni mimbarani, na mambo ya nchi ni ya wakubwa. Tena Katiba ya 2010, Kifungu cha 8, yasema Kenya haina dini ya serikali. Je, basi kanisa linyamaze? Na tutazame nyuma kidogo.

Mwezi wa Machi 1975, J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Mwili wake ulionekana katika vilima vya Ngong, na watu wakanong'ona kwa hofu. Siku hizo David Gitari, katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alihubiri katika redio ya Sauti ya Kenya. Alifungua Mwanzo 4, pale Kaini alipoulizwa na Mungu habari za nduguye. Hakuunda chama wala hakuomba kura. Alifundisha Neno, na taifa zima likaulizwa.

Baadaye, akiwa askofu, alipinga kura ya mlolongo iliyotumika katika uchaguzi wa 1988. Usiku mmoja wa Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa, akaponea juu ya paa. Mwaka wa 1990 KANU yenyewe iliamua kuuacha mlolongo.

Nguvu yake ilitoka wapi? Ilitoka katika fundisho kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kanisa lenye fundisho hilo halihitaji kiti serikalini, lakini haliwezi kunyamaza mtu anapomwagwa damu.

Nasi wa Kegonga swali la Kaini latufikia mlangoni. Mifugo inapoibwa kati ya ukoo na ukoo, au kuvushwa mpaka wa Tanzania, vijana hushika mishale, na wengine hawarudi. Jumapili twaimba. Lakini ni mara ngapi tumesoma Mwanzo 4 mbele ya mwenye zizi lililojaa ghafula? Ni rahisi kumkemea mkubwa aliye Nairobi kuliko mwana wa ukoo wetu anayetoa sadaka nono.

Tukinyamaza hapa, hata tukisema kule hatutasikika.

Tuombe. Ee Bwana, utuulize habari za ndugu yetu, nasi tusikujibu kama Kaini. Amina.