Jeni mbovu inapounyima ubongo thiamini

Thiamini, yaani vitamini B1, huuwezesha ubongo kugeuza sukari kuwa nguvu. Akiba yake mwilini hudumu wiki chache tu, na ndiyo maana walevi sugu wasiokula vyema hupatwa na maradhi ya Wernicke, yaliyoelezwa mwaka wa 1881.

Hata hivyo, wapo wagonjwa wanaoipata thiamini ya kutosha kwenye chakula, ila haifiki ubongoni. Mwaka wa 1998 madaktari nchini Saudi Arabia walieleza habari za watoto ambao, mara nyingi baada ya homa, walichanganyikiwa, wakashindwa kusema na kumeza. Chanzo kilibainika mwaka wa 2005: hitilafu katika jeni ya SLC19A3, inayoongoza uundaji wa protini ya kupitisha thiamini hadi ndani ya seli. Mtoto huugua akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huwa wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mgonjwa.

Aghalabu hali hii hudhaniwa kuwa maambukizi ya ubongo. Inasikitisha, kwani tiba yenyewe ni vitamini mbili tu, thiamini na biotini, maishani mwote. Zikianzishwa mapema, nafuu huonekana kwa siku chache. Zikichelewa, mtoto hubaki mlemavu au hufariki.