Wokovu na Agano katika Nchi ya Mto Lwakhakha

Mto Lwakhakha, unaoteremka kutoka Mlima Elgon na kutumika kama mpaka kati ya Bungoma nchini Kenya na nchi ya Wamasaba nchini Uganda, haukuwatenga kamwe Wabukusu na ndugu zao wa ng'ambo, kwa kuwa pande zote mbili watu waliongea lugha zinazoelewana, walimwomba Wele, yaani Mungu Muumba, na waliwatahiri vijana wao kwa desturi moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 nchi hiyo ilipokea mafundisho mawili juu ya wokovu kutoka dhambini, na jambo kubwa lililoyatofautisha ni kama anayeokolewa ni mtu mmoja mmoja au ni jamii nzima iliyofungwa kwa Mungu kwa agano.

Mafundisho ya Kikristo yalitangulia. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni ya Kaimosi, ambayo baadaye ilifika kwa Wabukusu huko Lugulu. Marafiki hawabatizi kwa maji, kwa sababu wanaamini kwamba utakaso hutendeka rohoni. Kwao kuokoka kulikuwa kutubu, kuamini kwamba kifo cha Yesu kimeondoa hatia ya mwanadamu mara moja tu, na kuziacha pombe, ndoa za wake wengi na sadaka kwa wahenga. Chilson alipofundisha juu ya Roho Mtakatifu mwaka 1927, waumini wa Kaimosi waliungama dhambi zao hadharani, na mwamko huo ukazaa makanisa ya Roho yaliyojitenga na misheni.

Ng'ambo ya mto, karibu na Mbale, jenerali Semei Kakungulu, Mganda aliyewatumikia Waingereza kisha akavunjika moyo walipomnyima ufalme aliotumaini, alijiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kuishika Sabato. Aliisoma Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, akashawishika kwamba tohara ni alama ya agano isiyofutwa, na Wamalaki walipomwambia kwamba hilo ni jambo la Wayahudi, akajitahiri pamoja na wanawe mwaka 1919. Mwaka uliofuata Myahudi aitwaye Yusufu alikaa na wafuasi wa Kakungulu, akawafundisha kalenda, uchinjaji na sala. Jamii hiyo ndiyo Abayudaya.

Imani waliyoipokea haitazami dhambi kama hali ambayo mtu huzaliwa nayo akashindwa kujinasua, bali kama kuvunja amri, ambako mkosaji anaweza kurejea kwa toba. Zamani kuhani mkuu alitoa sadaka Hekaluni Yerusalemu katika Siku ya Upatanisho, lakini baada ya Warumi kulibomoa Hekalu mwaka 70, sala, toba na matendo ya huruma vilishika nafasi ya damu ya wanyama. Walimu wa Kiyahudi walisisitiza pia kwamba siku hiyo haifuti kosa alilotendewa jirani mpaka mkosaji apatane naye, sharti zito ambalo mahubiri ya wokovu wa papo kwa papo mara nyingi huliacha nyuma.

Upande wa Kenya, Elijah Masinde, Mbukusu aliyelelewa na Marafiki kisha akatengwa nao kwa kuoa mke wa pili, alikataa kwamba mtu lazima awakane wahenga ili asafishwe, akaanzisha Dini ya Msambwa, iliyorudisha sadaka kwa wahenga na pia kudai ardhi. Watafiti walioiita siasa tupu wameipunja, kwa maana hitaji la jamii kupatanishwa na Wele lilikuwa kiini cha ibada yake. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, si mbali na Lwakhakha, wakawaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni. Abayudaya nao walizuiwa kuabudu na Idi Amin katika miaka ya 1970, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, na waliosalia walisali kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979.