Kibarua, Kipande na Mshahara: Saa Zisizo na Kazi ni Hasara ya Nani?

Mwajiri akipungukiwa na kazi kwa muda, naye hataki kuwaachisha watu wake, aghalabu huwapunguzia saa. Aliyekuwa akifanya kazi siku sita huitwa siku tatu. Mkataba ungali hai, mtu angali mwajiriwa, bali saa zile zilizoondolewa hazina mwenyewe. Je, hasara yake ni ya nani? Historia ya Afrika Mashariki imekwisha kulijibu swali hili mara tatu, kila mara kwa namna yake, na majibu yote matatu yamehifadhiwa katika maneno tunayoyatumia kila siku pasipo kuyafikiri: kibarua, kipande na mshahara.

Neno kibarua, kama umbo lake linavyoonyesha, ni barua ndogo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yatoa maana zote mbili: kwanza cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakirudisha wakati wa kulipwa, pili mtu mwenyewe afanyaye kazi hiyo. Katika Unguja na Mombasa ya karne ya 19 wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wao uligawanywa kati yao na mabwana hao. Jina la karatasi likahamia kwa mtu, na sarufi ikakubali, maana twasema “vibarua wamekuja” kwa upatanisho wa watu. Kisha jina likahama tena, likawa la kazi yenyewe. Ndipo aliyefukuzwa asemapo kuwa kibarua chake kimeota nyasi, na hapo upatanisho unarudi kuwa wa kitu. Sijui neno jingine la kazi lililosafiri hivyo, kutoka karatasi hadi mtu hadi riziki yake.

Lakini jambo linalotuhusu ni hili. Pasipo cheti hapakuwa na malipo, na pasipo kazi hapakuwa na cheti. Kwa kibarua, basi, saa zisizo na kazi zilikuwa hasara yake peke yake. Hata jina la kupunguziwa kazi hakulihitaji, maana kila alfajiri mkataba wake ulianza upya, na kila magharibi ulikufa. Ndivyo walivyoishi wachukuzi wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam: meli zikiwapo huitwa, zisipokuwapo hurudi nyumbani mikono mitupu. Migomo ya bandari hizo mbili ya mwaka 1939, na ile mikubwa ya mwaka 1947, wa Mombasa mwezi Januari na wa Dar es Salaam mwezi Septemba, huelezwa kuwa ya kudai nyongeza ya malipo na ya kulalamikia ughali wa maisha. Ni kweli, ila kiwango cha ujira wa siku ni nusu tu ya hesabu ya mtu asiyejua ataitwa siku ngapi.

Kipande kina hila zaidi. Hapa yafaa tutofautishe, maana nchini Kenya neno hili lilishika zaidi ile hati ya uandikishaji iliyotokana na sheria ya mwaka 1915, ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuichukua, wakaitia katika kikasha cha bati na kuivaa shingoni. Kipande cha mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, alitiwa alama; nafasi zote 30 zikitimia, alilipwa. Mtindo wa kumhesabia mtu siku 30 una asili ya zamani katika sehemu zile. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali ya Wajerumani ilianzisha mwaka 1907 kadi iliyomlazimu mwanamume kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Kwa juujuu, siku 30 ni mwezi. Lakini mwezi wa kipande haukuwa mwezi mwandamo, wala haukuwa ule wa kalenda ya ofisini. Siku isiyotiwa alama haikuwa siku, hata kama mtu aliamkia shambani na kulala shambani. Sheria ya Kenya iliruhusu siku 30 za kadi zitimizwe katika siku 42, yaani mwezi mmoja wa malipo uliweza kumeza wiki sita za maisha. Mwenye kadi, tofauti na kibarua, alikuwa amefungwa na mkataba, asiweze kwenda kutafuta riziki kwingine kwa uhuru. Hata hivyo hasara ya siku tupu ilibaki kwake. Alibeba mizigo ya pande zote mbili. Nathubutu kusema kuwa aliyepunguziwa saa siku hizi, akaambiwa asubiri nyumbani pasipo malipo wala ruhusa ya kuajiriwa kwingine, amerudishwa katika kipande, ijapokuwa hana kadi mkononi.

Mshahara ni neno la nasaba nyingine. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya mwezi, na maana yake ya kwanza ni malipo ya kukodi kitu au mtu kwa mwezi. Kinacholipiwa si alama wala cheti, ni wakati. Mtu ameuweka mwezi wake chini ya amri ya mwajiri; kama mwajiri hana la kumpa kufanya, hilo ni la mwajiri. Baada ya Uhuru hali hii ya wenye mshahara ndiyo iliyotazamwa kuwa ajira ya kweli. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1964 ikazuia kumwachisha mtu kazi ovyo, ikaunda na kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Lengo lilikuwa jema. Lakini watunga sheria wa siku hizo walihofia kufukuzwa, hawakuhofia kupunguziwa, na pengo hilo limeendelea.

Tuitazame Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara. Yasema mtu asifanye kazi za kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki, wala saa 9 kwa siku. Hilo ni dari, sakafu haimo. Wala hamna kifungu kinachomhusu moja kwa moja mtu aliyepunguziwa saa kwa muda. Kinga yake hana budi kuiokota mahali pawili. Kwanza, saa za kazi ni miongoni mwa mambo yanayotakiwa kuandikwa katika maelezo ya ajira, na kifungu cha 15 chataka yanapobadilika mwajiri ashauriane na mwajiriwa na kumjulisha kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema karibu vivyo hivyo katika kifungu chake cha 10. Pili, kifungu cha 38 cha sheria ya Tanzania chaamuru mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao juu ya njia za kuepusha jambo hilo. Kupunguza saa ni mojawapo ya njia hizo, na kwa hiyo laweza kujadiliwa hapo.

Na hapa mwanaisimu apaswa kuingia. Tangu mashirika ya umma yalipopunguza watu katika miaka ya 1980 na 1990, kitenzi kupunguzwa kimepata maana ya peke yake: “amepunguzwa” maana yake hana kazi tena. Aliye na kazi lakini saa zake zimekatwa, huyo “amepunguziwa”. Kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendewa pana irabu moja tu, nayo imebeba mkataba mzima. Wa kwanza anastahili kiinua mgongo cha siku zisizopungua 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliotumika, hadi miaka 10, na aweza kudai fao la upotevu wa ajira kwa masharti yake. Wa pili hana fao hilo, maana ajira yake haijapotea; na kama upungufu wake haukuandikwa kuwa ni wa muda, yuko katika hatari ya kuhesabiwa kiinua mgongo kwa mshahara uliokwisha kukatwa.

Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani mwaka 2009, jirani yangu, fundi wa kiwanda, alikuwa nyumbani kila Alhamisi na Ijumaa. Nilidhani ni mgonjwa. Akanieleza neno lao moja fupi, ambalo maana yake ni kazi iliyofupishwa, na mwezi Mei wa mwaka ule watu zaidi ya milioni 1.4 walikuwa katika hali hiyo. Mfuko wa bima ya kukosa kazi, unaochangiwa na waajiri na wafanyakazi, huwalipa asilimia 60 ya pato halisi lililopotea, au 67 kwa mwenye mtoto. Mahali penye baraza la wafanyakazi, mwajiri hawezi kufupisha saa pasipo ridhaa yake. Hasara imegawanywa kwa watatu: mwajiri, mfanyakazi na mfuko. Sisemi tuuige mfumo huo kesho. Mfuko wa namna hiyo wataka michango ambayo wengi wetu, tulio vibarua hata leo, hatuna pa kuikatia. Nasema tu kwamba wao wanalo jina la jambo lenyewe.

Sisi hatuna, na mahali pasipo na jina huingia jina la uongo. Mwaka 2020, ndege za abiria zilipozuiwa, Kenya mwezi Machi na Tanzania mwezi Aprili, hoteli za pwani zikawa tupu. Binamu yangu, mpishi katika mojawapo, aliniletea karatasi aliyopewa. “Kaka,” aliniambia, “wewe ni mtu wa lugha, nisomee hii.” Ilikuwa imekwisha kupigwa chapa: “Mimi, niliyetia sahihi hapa chini, naomba likizo bila malipo.” Nilimwuliza kama aliomba. Akasema hakuomba kitu, aliambiwa atie sahihi. Likizo ni ruhusa apewayo aitakaye. Kwa kiambishi kimoja cha nafsi ya kwanza, upungufu wa kazi wa mwajiri ulikuwa umegeuzwa kuwa matakwa ya mpishi, na mashauriano yanayotakiwa na sheria yakawa hayana haja, kwa kuwa mwombaji hashauriwi juu ya ombi lake mwenyewe.

Tukaandika nyingine usiku ule. Neno tulilolitumia ni upunguziwaji wa saa. Ni zito ulimini, nakiri, lakini limeishika ile kauli ya kutendewa. Tukataja aliyepunguza na sababu yake, saa zilizobaki, tarehe ya kumaliza, na kwamba mshahara wa awali ndio utakaoshikwa katika kila hesabu ya haki zake. Msimamizi wake aliisoma mara mbili, akauliza ni nani aliyeiandika, akaiweka katika jalada pasipo kutia sahihi.