Cheti cha Muuzaji na Haki ya Mshtakiwa

Mwezi uliopita niliketi katika kamati ndogo ya kitivo iliyopewa swali lililoonekana kuwa la kihasibu tu: je, tutenge fedha za kuwanunulia wakufunzi wetu wawili kozi ya uchunguzi wa kompyuta, kozi inayouzwa na kampuni ileile inayouza programu ya kufanyia uchunguzi huo? Gharama ya mtu mmoja ilizidi ada ya mwaka mzima ya mwanafunzi wetu. Mjumbe mmoja alitetea ununuzi kwa hoja kwamba cheti chake kinatambuliwa duniani kote. Mwingine, mwanasheria, akauliza kwa upole: kinatambuliwa na nani, na kwa jambo gani? Kikao kiliahirishwa bila jibu. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni historia, nikarudi nyuma kutazama jinsi taaluma hii ilivyozaliwa na jinsi ilivyofika sokoni.

Taaluma ya kuchunguza kompyuta kwa ajili ya mahakama ni changa. Nchini Marekani, shirika la upelelezi la FBI lilianzisha mpango wa kuchunguza vyombo vya sumaku vya kuhifadhia data mwaka 1984. Hapakuwa na kozi ya kununua. Wachunguzi wa miaka ile walitumia zana zilizotengenezwa kwa mahitaji mengine, kama vile zana za Norton, ambazo kwa kawaida zilimwokoa karani aliyefuta faili lake kwa bahati mbaya. Ili kuzitumia, iliwapasa kujua mambo ya msingi: kwamba katika mfumo wa DOS faili lililofutwa haliondoki kwenye diski, bali herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa kuwa alama ya kufutwa, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi hadi kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Aliyelijua hilo aliweza kuisoma diski baiti kwa baiti, na kueleza mahakamani si alichokiona tu, bali pia sababu ya kukiona.

Mwaka 1990 askari wenye kazi hiyo waliunda chama chao, IACIS, wakawa wanafundishana na kutahiniana. Cheti chao hakikufungamana na programu ya kampuni yoyote. Mtahiniwa hupewa matatizo ya vitendo, husimamiwa na mwenzake aliyemtangulia, na hutakiwa kuyatetea matokeo yake. Ni utaratibu wa fundi na mwanagenzi wake.

Soko liliingia kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990. Diski zilikuwa zimepanuka, kesi zimeongezeka, na kusoma baiti kwa baiti hakukutosha tena. Kampuni ya Guidance Software, iliyoanzishwa California mwaka 1997, ilileta programu ya EnCase. AccessData ya Utah, iliyoanza mwaka 1987 kwa kazi ya kufungua nywila zilizosahaulika, ikaleta FTK. Pamoja na programu zikaja kozi, na pamoja na kozi vikaja vyeti: EnCE kwa watumiaji wa EnCase, ACE kwa watumiaji wa FTK. Kibiashara ilikuwa hatua ya busara. Idara iliyokwisha kuwasomesha watu wake kwenye programu moja haihami kirahisi, na cheti cha EnCE kilitakiwa kuhuishwa kila baada ya miaka 3. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Sitaki kuwadhulumu wauzaji. Aliyeitengeneza zana ndiye anayejua kila sehemu yake inafanya nini, na mchunguzi asiyeijua zana yake anaweza kuuharibu ushahidi au kuupita bila kuuona. Katika simu za mkononi, ambako kampuni kama Cellebrite hufanya siri mbinu zao za kufungua vifaa, mara nyingi hakuna mwalimu mwingine wa kumwendea. Hata masharti ya EnCE yalikuwa na ukweli ndani yake: mtahiniwa alitakiwa awe na saa 64 za mafunzo yaliyoidhinishwa, au badala yake miezi 12 ya uzoefu wa kazi. Muuzaji mwenyewe, basi, alikiri kwamba kozi si mlango pekee.

Hatari ya kuisahau misingi ilijitokeza mwaka 2011 mjini Orlando, Florida, katika kesi ya Casey Anthony, mama aliyeshtakiwa kumuua binti yake wa miaka 2, shtaka ambalo lingeweza kumfikisha kwenye adhabu ya kifo. Kwenye kompyuta ya familia wachunguzi walipata kumbukumbu zilizofutwa za kivinjari cha Firefox. Programu moja ilionyesha kwamba ukurasa uliohusu klorofomu ulifunguliwa mara 1. Programu nyingine ilionyesha mara 84. Upande wa mashtaka uliliambia jopo la wananchi wanaoamua kesi kwamba ni mara 84, na mtunzi wa programu hiyo ya pili akasimama kizimbani kama shahidi. Baadaye aliirudia kazi yake na kugundua kwamba programu ilikuwa imezisoma vibaya kumbukumbu zile: mara 84 zilikuwa za tovuti nyingine, MySpace. Mwezi Julai mama yule alionekana hana hatia ya mauaji.

Alimuua au hakumuua, hilo si la makala hii. Ninalolitazama ni kwamba aliyekosea ndiye mtunzi wa programu, mtu ambaye hakuna kozi ingemzidi kwa kuijua. Kozi ya wiki moja ya kutumia programu ile isingemsaidia mchunguzi yeyote, kwa kuwa ingemfundisha kuitamka namba 84 kwa ufasaha zaidi. Alihitajika mtu anayejua jinsi Firefox ya wakati ule ilivyoandika kumbukumbu zake, anayeweza kuifungua data ghafi na kuhesabu mwenyewe. Namba mbili zilikuwa mezani, na kazi ya kwanza ya mtaalamu ilikuwa kuuliza kwa nini zinatofautiana.

Miaka 2 kabla ya kesi hiyo, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kubwa kuhusu sayansi za uchunguzi wa jinai. Juu ya ushahidi wa kidijitali, ilibainisha kwamba wanataaluma hawakuwa na mfumo wa vyeti wala orodha ya sifa waliyokubaliana. Hilo ndilo jibu la mwanasheria wetu. Nazo kampuni hubadilisha mikono: Guidance Software ilinunuliwa na OpenText mwaka 2017, na AccessData ikanunuliwa na Exterro mwaka 2020. Jinsi diski inavyohifadhi faili haibadiliki kwa sababu kampuni imeuzwa.

Kwetu Tanzania jambo hili si la mbali. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2007 yaliufungulia mlango ushahidi wa kielektroniki katika kesi za jinai, na mwaka 2015 zikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Hii ya pili inaitaka mahakama, inapoupima uzito wa ushahidi huo, iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Maswali hayo hujibiwa kwa maarifa. Kijana anayeshtakiwa kwa ujumbe wa WhatsApp hana fedha za kumkodi mtaalamu wa kumpinga mtaalamu wa Jamhuri. Kinga yake ni ujuzi na uaminifu wa yule aliyeichunguza simu yake. Shahidi huyo akiulizwa amejuaje, kisha akajibu kwamba programu ndivyo ilivyosema, kijana yule amehukumiwa na mashine isiyoweza kuhojiwa.

Kamati ilipokutana tena nilipendekeza mambo matatu. Kwanza, wakufunzi waanze na misingi: mifumo ya faili, sheria ya ushahidi, na mambo kama kwa nini alama za MD5, zilizobuniwa mwaka 1991 kuthibitisha kwamba faili halijaguswa, zilitiliwa shaka baada ya watafiti wa China kuonyesha mwaka 2004 kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutoa alama moja. Kwa hayo zipo The Sleuth Kit na Autopsy, programu huria zilizoanzishwa na Brian Carrier, na zipo ripoti ambazo taasisi ya NIST ya Marekani huzitoa bila malipo baada ya kuzipima zana za wauzaji. Pili, kozi ya muuzaji inunuliwe pale tu tunapokuwa na programu yenyewe na kazi ya kuifanyia. Tatu, kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe swali moja: kozi yenu inamfundisha mwanafunzi kuyathibitisha matokeo ya programu yenu kwa njia nyingine?

Wajumbe walikubali, na barua yenye swali hilo ikatumwa. Hadi ninapoandika haya, tumejibiwa kwa orodha ya bei.